Shangazi, wamefuta utafiti wangu: kwani maneno ya babu si elimu?

Shangazi, shikamoo.

Najua safu yako imezoea mambo ya wachumba na mawifi, lakini mimi kilichonivunja moyo si mwanamume. Ni kamusi elezo.

Nina miaka 29, mzaliwa wa Kusini Unguja. Mwaka jana nilimaliza shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ilihusu miongo, ile hesabu ya siku ya wavuvi wetu. Kwa wasomaji wa bara wasioijua: mwaka huanza Siku ya Mwaka, ambayo sisi huikoga Makunduchi mwezi wa Julai, kisha siku zinahesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni muongo mmoja. Mvuvi wa zamani ukimwuliza leo lini, hakwambii tarehe. Anakwambia muongo wa ngapi, na papo hapo anajua kama upepo wa kusi bado una nguvu, kama tumeingia tanga mbili, majira ya pepo kugeuka, na samaki gani wa kutega dema.

Nilikaa na wazee 14 katika vijiji vitatu. Babu yangu mzaa mama, nahodha aliyestaafu, ndiye aliyenipeleka kwao mmoja mmoja. Huko nikapata jambo ambalo sijaliona popote. Wazee wale hawahesabu tu, wanaisahihisha hesabu kwa kutazama Kilimia, kile kishada cha nyota. Hesabu ikiachana na nyota, wanairudisha. Msimamizi wangu alifurahi sana, akasema huu ni mchango mpya.

Basi nikaona haifai elimu hii ioze kwenye rafu ya chuo. Nikaingia katika kamusi elezo moja ya mtandaoni, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuhariri, nikaandika makala ndefu kuhusu miongo. Nilikesha usiku mara tatu. Siku ya pili tu nikakuta yote imefutwa, na kwenye ukurasa wangu wa majadiliano kuna mistari miwili: huu ni utafiti wako mwenyewe, hauruhusiwi hapa, weka vyanzo vilivyochapishwa. Nikairudisha. Wakafuta. Nikairudisha tena na chini nikaandika: "Chanzo ni babu yangu." Mara ya nne wakanifungia nisihariri siku nzima, kama mtoto aliyevunja sahani.

Shangazi, nimelia. Nina maswali matatu. La kwanza, je, elimu ya wazee wetu si elimu mpaka Mzungu aichapishe? La pili, tasnifu yangu imepitishwa na chuo, inakuwaje mtu asiyejua hata dau lina tanga ngapi aikatae? La tatu, kaka yangu anayefanya kazi za kompyuta anasema nifungue tovuti yangu, niyaweke yote huko, kisha nirudi kwenye kamusi elezo niitaje tovuti kama rejeo. Nifanye hivyo?

Binti wa Nahodha

—

Marahaba, mwanangu.

Hukuitaja kamusi elezo yenyewe wala aliyekufutia, nami sina haja ya kujua. Mifano yangu nitaitoa Wikipedia kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo ninayoifahamu. Nilikuwa mkutubi miaka mingi kabla sijapewa safu hii, na mpaka leo nikikosa usingizi huwa nahariri makala za miti na ndege. Barua yako ni ya kwanza katika miaka yangu hapa ambayo nimeisoma nikiwa na penseli mkononi.

Jibu langu kwa ufupi: aliyekufutia alikuwa na haki ya kufuta, ila alifuta vibaya. Mtu aliyekesha usiku mara tatu hajibiwi kwa mistari miwili. Angekwambia kwa nini, angekuonyesha yapi yanaweza kubaki, angekukaribisha. Wahariri wa kujitolea huchoka, wengine huwa wakali kama makonda wa saa kumi na mbili jioni. Na wewe nawe kurudisha maandishi mara nne ni kugombana, hata kama una haki. Hilo tuliache.

Kanuni iliyokuangusha ina historia yake. Wikipedia ilianza Januari 2001. Kabla yake waanzilishi walewale, Jimmy Wales na Larry Sanger, walikuwa na kamusi elezo iliyoitwa Nupedia, ambako kila makala ilipaswa kupita hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Makala zilizofika mwisho zilikuwa chache mno. Ndipo wakafungua mlango kwa yeyote, na yeyote akaja kweli, wakiwemo watu wenye nadharia zao za fizikia, kila mmoja akiwa na yakini kwamba Einstein alikosea na yeye amepatia. Wahariri wengi hawakuwa wanafizikia. Wangebishana nao mpaka lini? Kufikia 2003 hivi wakatafuta njia ya kutobishana kabisa. Wakaacha kuuliza kama jambo ni kweli, wakawa wanauliza limechapishwa wapi na nani amelikagua. Swali hilo hata asiyejua fizikia anaweza kulijibu. Hata asiyejua dau.

Utasema wewe si kama wale. Sawa. Lakini nikupe kisa kinachokaribia chako. Mwaka 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza makala fupi kuhusu Jar'Edo Wens, mungu wa wenyeji asilia wa Australia. Hapakuwa na mungu wa jina hilo, alimtunga. Makala ilikaa karibu miaka kumi, ikafutwa 2015, na katikati ya hapo jina hilo lilishaingia hata katika kitabu kilichochapishwa. Kwa nini ilidumu? Kwa sababu ilivaa vazi la mapokeo ya wazee, na msomaji wa mbali hana mzee wa kumwuliza. Sasa mhariri anaposoma "Chanzo ni babu yangu", anamtofautishaje babu yako, nahodha wa kweli, na babu wa yule mtunzi? Hawezi kupanda boti kwenda kijijini kwenu.

Turudi kwenye Kilimia, kwa sababu hapa ndipo penseli yangu ilifanya kazi.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Ndani yake anaeleza miongo yenu: mwaka wa siku 365, unahesabiwa kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, na anasema siku hiyo wakati wake iliangukia mwishoni mwa Agosti. Wewe unaniambia sasa mnakoga mwaka Julai. Nilichukua penseli. Mwaka wa jua una siku 365 na robo hivi, kwa hiyo hesabu ya siku 365 tupu hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Tangu Steere ni miaka 150 na ushei, yaani siku 38 hivi. Toa siku 38 mwishoni mwa Agosti, unaangukia nusu ya pili ya Julai. Hesabu imetembea vilevile kama ambavyo ingetembea bila kuguswa na mtu.

Umeona tatizo? Kama wazee wanairudisha hesabu kila inapoachana na Kilimia, Siku ya Mwaka ingebaki palepale Agosti. Haikubaki. Basi ama wanarekebisha matarajio yao ya upepo na samaki bila kuigusa Siku ya Mwaka yenyewe, ama vijiji vyako vitatu havifanyi kama Makunduchi, ama ni jambo lililoanza juzi juzi katika kizazi cha babu yako, ama wazee walikueleza inavyopaswa kuwa na si inavyokuwa. Yote yanawezekana. Huenda tasnifu yako imeshalijibu hili katika sura ambayo sijaisoma. Lakini katika makala uliyoandika, kama ni hivyo ulivyonieleza, mtu wa jarida la kitaaluma angelikurudishia ukurasa huohuo na swali hilohilo, nawe ungerudi kwa babu ukamwulize vizuri. Mhariri wa kamusi elezo si kazi yake kukuuliza, na mara nyingi hawezi. Ungepita bila kuulizwa, na wanafunzi wa darasa la saba wangenakili.

Na tazama, hata hiyo hesabu yangu ya penseli haina nafasi katika kamusi elezo! Kutoa na kugawanya kunaruhusiwa, hakuna anayedai rejeo la 150 gawanya kwa 4. Ila nimechukua neno la Steere, nikaliweka kando ya neno lako, nikatoa hitimisho ambalo si Steere aliyelisema wala wewe. Kuunganisha vyanzo viwili ili kuzaa cha tatu kunahesabiwa kuwa utafiti mpya, hata kama kila kipande kina rejeo lake. Hapo ndipo wasomi wengi hujikwaa, maana chuoni tunafundishwa kwamba kuunganisha ndiyo kazi yenyewe.

Sasa swali lako la kwanza, lile chungu. Sitakuficha: kanuni hii inatuumiza sisi kuliko inavyowaumiza wengine. Mtu wa London akitaka kuandika juu ya mvinyo ana rafu nzima ya vitabu. Wewe ukitaka kuandika juu ya miongo una Steere, askofu; una Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, aliyeandika juu ya Nairuzi, ndiyo hiyo Siku ya Mwaka, katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1955; una kamusi za zamani na mengine machache. Babu yako anajua kuliko wote hao na hana rejeo hata moja. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India alijaribu kulivunja hilo. Yeye na wenzake walirekodi watu wa India na Afrika Kusini wakieleza mambo ya kwao, kisha wakazitumia rekodi kama marejeo katika Wikipedia za Kimalayalam, Kihindi na Kisotho cha Kaskazini. Mimi nililipenda sana jaribio lile. Halikukubalika kuwa kanuni ya wote, na hoja ya waliopinga ilikuwa ileile: nani amemkagua msemaji?

Hata hivyo usiseme "mpaka Mzungu aichapishe". Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa Mswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Leo anatajwa na kila anayeandika juu ya pwani. Na juzuu ya kwanza ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, iliyotoka 1981 chini ya Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso, ina sura ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali juu ya mapokeo simulizi. Wasomi walishakubali neno la mzee kuwa ushahidi, tena zamani. Walichoomba ni liandikwe nani kalisema, wapi, lini, kwa nani, na wazee wengine wanasemaje. Hayo yote wewe unayo tayari kwenye madaftari yako. Hujakosa sifa, umekosea mlango.

Usidhani pia kwamba ni sisi wenye ngozi nyeusi tu tunaofungiwa. Ile Mei Mosi tunayopumzika ina mzizi wake Chicago, katika madai ya saa nane za kazi na bomu lililolipuka uwanja wa Haymarket tarehe 4 Mei 1886. Watu wanane walishtakiwa, wanne wakanyongwa mwaka uliofuata. Mwanahistoria Mmarekani, Timothy Messer-Kruse, alikaa miaka na kumbukumbu za kesi ile, akaona Wikipedia inasema upande wa mashtaka haukutoa ushahidi wa kuwahusisha washtakiwa na bomu. Yeye alikuwa ameusoma ushahidi wenyewe. Akasahihisha, wakamfuta. Akataja nyaraka za mahakama, wakamwambia hizo ni chanzo cha msingi, hawezi kuzifasiri mwenyewe. Akangoja mpaka kitabu chake kikatoka 2011, akarudi, wakamwambia bado ni sauti moja dhidi ya vitabu vingi. Aliandika malalamiko yake gazetini Februari 2012, na zogo lilikuwa kubwa.

Mimi nadhani walimkosea, lakini mara ya mwisho tu. Mara mbili za kwanza walikuwa sahihi: tafsiri yake ya nyaraka ilihitaji kwanza kupita mbele ya wanahistoria wenzake. Kitabu kilipotoka, ilipaswa aandikwe hivi: wengi wanasema hivi, ila Messer-Kruse, aliyezipitia kumbukumbu, anasema vile. Kamusi elezo inabeba mabishano bila kuyaamua. Nawe siku yako ikifika, hilo ndilo unaloweza kudai: sentensi moja yenye jina lako na hoja yako, kando ya za wengine. Makala nzima hutapewa.

Kuhusu tasnifu. Chuo kimekupitisha, hongera, lakini tasnifu ya uzamili inasomwa na watahini wachache na lengo lao ni kupima kama mwanafunzi ameweza kazi. Wikipedia ya Kiingereza huzipokea za uzamivu kwa uangalifu, na za uzamili huzikubali pale tu wasomi wengine walipoanza kuzitumia. Kwingine jumuiya hulegeza, hasa kwenye mada isiyo na vitabu. Unaweza kuuliza kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, kwa upole, ukijitaja kuwa ndiye mwandishi, na uwaache waamue wao. Usiiweke kwa mkono wako. Mtu hajipigii vigelegele harusini kwake.

Na kaka yako mwambie asante, lakini hapana. Kujiandikia tovuti kisha kuirejea ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Wataiona siku hiyohiyo, na baada ya hapo hata ukileta cha kweli watakutilia shaka. Tovuti fungua kama unapenda, watu wa kijijini wasome kwenye simu zao, ila iache isimame kwa miguu yake.

Ningekuwa wewe ningeanza na makala kwa jarida. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana majarida ya "Kiswahili" na "Mulika". Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, linasomeka bure mtandaoni, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mhariri wa kamusi elezo ataweza kufungua na kuhakiki. Usiandike tasnifu nzima, andika Kilimia tu. Jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe ya sifa nyingi na kukuahidi kukuchapa ndani ya wiki moja ukilipa. Hayo hayakagui kitu, na rejeo lake halina thamani. Itachukua muda. Mwaka, pengine zaidi.

Wakati unangoja, kamusi elezo haijakufungia mlango wote. Andika upya makala ya miongo kwa yale yaliyokwisha kuchapishwa: Steere, Gray, kamusi za zamani, kila sentensi na rejeo lake. Hilo tu litakuwa zuri kuliko kilichopo, maana wengi wa vijana wetu hawajui kabisa kwamba kuna mwaka mwingine ndani ya mwaka. Picha ulizopiga mwenyewe, za dema, za ngalawa, za mwaka kogwa, zinaruhusiwa bila rejeo la kitabu. Kanuni ya utafiti mpya haigombi na picha inayoonyesha kilichopo. Kuna pia Wikiversity, mradi dada ulioanza 2006, unaopokea utafiti mpya, lakini wa Kiswahili wenyewe haupo, kwa hiyo pengine ungeandika Kiingereza, nami sioni faida ya kuhamisha miongo kwenda huko kabla haijakaa vizuri katika lugha yake.

Jambo la mwisho hukuliuliza, na ndilo lililonikosesha usingizi. Wale wazee 14 walikubali kuhojiwa kwa ajili ya masomo yako. Je, walijua utaweka maneno yao mahali ambapo yeyote duniani ana ruhusa ya kuyachukua, kuyabadili na hata kuyauza? Leseni ya Wikipedia inaruhusu hayo yote, na ukishabonyeza kuhifadhi hakuna kurudisha nyuma. Hata kilichofutwa hubaki katika kumbukumbu za mabadiliko ya makala, isipokuwa wasimamizi wakiyaficha au ukurasa mzima ukiondolewa. Kama kuna mzee aliyekutajia anakotega na mwezi anaotega, hiyo ni riziki ya wajukuu zake.

Kwa hiyo kabla ya jarida, kabla ya chochote, rudi kijijini. Mpelekee babu sukari na majani ya chai, mweleze unachotaka kufanya na maneno yake, mwachie akatae akitaka. Na mkiwa mmekaa hapo, mwulize lile swali la Agosti na Julai. Nitafurahi ukiniandikia alivyojibu. Tarehe ya barua si lazima, nitajie muongo wa ngapi.

Shangazi